Furushi la Mrithi

Asubuhi ile tulimnyang'anya bibi mmoja mkuki, tukaliacha bomu lipande ndege.

Ilikuwa mwaka 1986, mwezi wa Agosti. Nilikuwa na miezi mitano kazini. Nilitoka chuoni Dar es Salaam na cheti cha ukaguzi wa abiria, nikapangiwa kiwanja kidogo kilichokuwa kando ya njia ya kutoka Bukoba kwenda Muleba. Kiwanja chenyewe kilichongwa wakati wa vita ili ndege zishushe chakula cha askari. Vita vilipokwisha kikabaki na banda la mabati, redio moja, mizani ya kupimia kahawa ambayo sasa ilipima watu, na ndege ya abiria kumi na tisa iliyokuja Jumanne na Ijumaa, ikaenda Mwanza na kuendelea Dar. Mashine ya kutazama ndani ya mizigo niliiona chuoni tu, kwenye picha. Kwetu mashine ilikuwa mikono: ya bosi wangu, Mzee Mustapha, kwa wanaume, na yangu kwa wanawake, nyuma ya pazia la kitenge.

Sikufaa sana kwa kazi ile. Huona haya kumgusa mtu nisiyemjua. Akina mama wa umri wa mama yangu waliinua mikono mbele yangu kama mateka, nami niliwapapasa haraka haraka huku nikiomba radhi. "Samahani, mama. Samahani, shangazi." Mzee Mustapha, mtu wa Tanga, alinisikia kutoka upande wa pili wa pazia akacheka.

"Binti Immakulata, unawakagua au unawapa pole?"

Miaka ile karibu kila mmoja alistahili pole. Ndege ilileta wagonjwa waliorudi kufia nyumbani, wepesi kama watoto juu ya mizani, na iliondoka na ndugu waliotoka kuzika. Ugonjwa wenyewe watu waliuita Juliana, kwa jina la kitambaa cha magendo kilichovuka kutoka Uganda kipindi kile watu walipoanza kukonda. Wengi hawakuutaja hata kwa jina hilo. Ukiuliza marehemu alikufa na nini, watu walitazama chini.

Ijumaa hiyo walikuja wanawake wawili kutoka Buganguzi. Mmoja alikuwa Paskazia, mjane mdogo wa mwili, ambaye mumewe, Pastory Byabato, alikuwa amezikwa wiki tatu nyuma. Wa pili, na ndiye msafiri, alikuwa Kokubanza, dada yake marehemu. Alikuwa na miaka sitini hivi, mrefu, mwenye mikono mipana ya mtu aliyechuma kahawa tangu utoto. Kifuani alikumbatia furushi la lubugo, ile nguo yetu ya gome la mti, limefungwa kwa kamba za mgomba, na mkuki umechomoza juu yake.

"Bibi," Mzee Mustapha alimwambia, "unakwenda Dar es Salaam au unakwenda kuwinda simba?"

"Nakwenda kwa mrithi," Kokubanza alijibu kwa Kiswahili cha kuchagua maneno. "Hivi ni vitu vya baba yake."

Ilibidi nimweleze bosi. Kwetu baba akifa, mtoto aliyetajwa kurithi hukalishwa kwenye kigoda cha baba mbele ya ukoo, akapewa mkuki wake, kibuyu chake na mrija wake wa kunywea lubisi, pombe yetu ya ndizi. Mrithi huyu, Ildefons, alikuwa karani wa ghala Kurasini. Hakuja kwenye mazishi wala kwenye matanga, kwa hiyo vitu vilikuwa vinamfuata. Na furushi la namna hiyo halifunguliwi njiani. Mafundo yake hufunguliwa na mrithi mwenyewe. Mtu mwingine akiyagusa ni kama amekalia kile kigoda.

"Afungue mrithi, afungue nani, mkuki hauingii kwenye ndege," alisema Mustapha.

"Sasa atarithi nini? Sufuria?" Kokubanza aliuliza.

"Nyie Wahaya mna maneno! Ndege ikitikisika, bibi, huo mkuki utamrithi rubani."

Abiria waliokuwa kwenye foleni walicheka. Mwishowe Kokubanza aliuchomoa mkuki polepole bila kulegeza fundo hata moja, akampa wifi yake Paskazia arudi nao nyumbani. Mzee Mustapha alipangusa mikono, ameridhika. Kisha akaniuliza chini chini, "Marehemu alikuwa na nini?" Nikatazama chini. Akarudi nyuma hatua mbili, akaifuta tena mikono kwenye suruali, safari hii kwa nguvu.

"Hilo furushi malizia wewe, binti."

Nyuma ya pazia nilimwuliza Kokubanza kwa Kihaya, "Nifungue kidogo, shangazi?"

Alinitazama kutoka juu. "Baba yako yupo?"

"Alifariki mwaka juzi."

"Vitu vyake vilifunguliwa na nani? Na polisi?"

Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Nikaliminyaminya furushi juu ya lubugo. Nilisikia miguu ya kigoda, kibuyu, kitu laini kama kanzu, na chini kabisa kitu cha mviringo, kizito, kikubwa kidogo kuliko yai la bata.

"Na hiki?"

"Sijui. Hicho alikifunga kaka yangu mwenyewe, kwa hiyo kamba ya chini, kabla hajafa."

Nilifikiri ni jiwe la mizani. Wanaume wengi wa kwetu waliowahi kununua kahawa vijijini walikuwa nalo. Nilisema hivyo moyoni haraka, kama mtu anayefunga mlango kabla mgeni hajaonekana vizuri. Nikachukua chaki nikachora msalaba kwenye lubugo: imekaguliwa.

Kokubanza akanishika shavu. "Kasinge, mwanangu," akasema. Ahsante.

Ndege iliondoka saa tatu na dakika kumi.

Paskazia hakuondoka. Alisubiri gari la kurudi Muleba, ameketi kwenye benchi la banda, mkuki umeegemea ukutani. Nilimpelekea maji ya kunywa. Alipoinama kuweka kikombe chini, ufunguo aliokuwa ameuvaa shingoni kwa uzi ulining'inia nje ya gauni. Ulikuwa ufunguo wa kawaida wa nyumba, lakini ulishikwa na pete ya chuma, na kwenye pete hiyo kulikuwa na kijiti chenye miguu miwili iliyonyooshwa.

Chuoni tulikuwa na mwalimu aliyekuwa askari, Bwana Zahoro. Siku moja alipitisha pete kama ile darasani, kila mmoja akaishika. Alisema, "Hii ni pini ya bomu la mkono. Ikitoka, kuna kijiko cha chuma ubavuni kinachobaki kushikiliwa na mkono wako tu. Mkono ukilegea, hesabu mpaka nne, halafu hakuna wa kuhesabu tano. Mkiiona pete hii peke yake, jiulizeni bomu lenyewe liko wapi."

"Mama," nilimwambia Paskazia, na sauti yangu niliisikia iko mbali, "pete hii umeitoa wapi?"

"Hii? Ni ya lile yai la chuma la mume wangu. Alitoka nalo Masaka, wakati wa vita, alipokuwa mgambo."

"Yai lenyewe liko wapi?"

Alinitazama kwa mshangao, kama nimeuliza jambo la wazi. "Si limekwenda kwa mrithi?"

"Bila pete yake? Limeshikwa na nini?"

"Limefungwa. Kwa kamba ya mgomba."

Sikumbuki kuvuka banda. Nakumbuka nimesimama kwenye chumba cha redio, Damian, fundi wa redio, ameinua kichwa, na Mzee Mustapha anaingia nyuma yangu akiuliza kuna nini. Mimi ambaye darasani sikuwahi kunyoosha kidole nilipiga kelele.

"Kuna bomu kwenye ndege! Sikufungua furushi! Halina pini, limefungwa kamba ya mgomba!"

Mustapha aliniangalia muda mrefu kuliko tulivyoweza kumudu. Kisha akasema polepole, "Ulichora chaki."

"Nilichora."

Alimgeukia Damian. "Mtafute rubani."

Rubani alijibu mara ya pili. Ndege ilikuwa juu ya ziwa, imekwenda dakika kumi na nne. Mustapha alimweleza kwa sauti ya chini, kama anayemwambia mtu habari ya msiba wake. Redio ililia, kisha rubani akasema hatageuza. Kiwanja chetu kina mashimo, ndege hurukaruka ikigusa ardhi. Mwanza kuna lami na kuna jeshi. Angekwenda polepole na chini.

"Huyo mama yuko kiti cha tatu," alisema rubani. "Furushi lipo mapajani. Msaidizi wangu amejaribu kumwomba alitoe, amekataa. Kiswahili chake na cha msaidizi wangu havikutani. Anasema ataongea na yule msichana wa chaki."

Wote wawili wakanitazama.

Rubani msaidizi alimleta Kokubanza mlangoni mwa chumba cha rubani, furushi mkononi, akamvika hedifoni. Nilisikia pumzi yake kwanza.

"Mwanangu Immakulata? Mbona mnanivisha vyuma kichwani?"

"Shangazi," nilisema kwa Kihaya, "nisikilize bila kusema chochote kwa sauti. Usifungue furushi."

"Nani kakwambia nafungua? Nimelegeza kamba ya chini tu. Mguu wa kigoda ulikuwa unanichoma paja."

Damian, ambaye ni wa Rubafu na alielewa kila neno, akafumba macho.

"Ulipolegeza, kuna kitu kilisogea ndani?"

Alipapasa. Injini zilinguruma masikioni mwangu.

"Kile cha mviringo kimeteremka chini. Kuna kipande kama ulimi. Kinanisukuma kidole."

"Kinakusukuma sasa hivi?"

"Sasa hivi. Kama jogoo anayetaka kutoka kapuni."

"Kibane, shangazi. Kibane pamoja na lile yai, juu ya lubugo, kwa mikono yote miwili. Usikiachie hata ukiwashwa pua. Hata ndege ikianguka."

"Nimekibana." Kisha, baada ya muda, "Ni nini hiki?"

Mzee Mustapha alikuwa ametikisa kichwa tangu mwanzo: usimwambie. Lakini mtu akiombwa kushika kitu kwa nusu saa nzima, nilifikiri, ana haki ya kujua kwa nini. Na nilikuwa nimeshamficha mengi kwa kutokuuliza.

"Ni bomu. La vita. Kamba imelegea, sasa linashikwa na mikono yako tu. Ukiachia, ndege yote imekwisha."

Nilisikia mtoto akilia ndani ya ndege. Nilisikia mtu akiuliza kwa Kihaya kwa nini mama huyu amesimama.

"La kaka yangu?" Kokubanza aliuliza.

"Ndiyo, shangazi."

"Basi nitalishika," akasema. "Waambie waniketishe, magoti yangu si mazuri."

Walimketisha sakafuni, mgongo kwenye mlango wa rubani. Hedifoni ilibaki kichwani kwake, na rubani akaniambia niendelee kuongea asije akalegea. Niongee nini? Mimi hata na majirani zangu wa Nshambya huongea kwa shida. Nilimwuliza habari za kibanja chake. Akaniambia migomba yake imeingiwa na wadudu, na kahawa mwaka huu imekuwa ndogo. Nilimwuliza ana watoto wangapi. Akasema walikuwa sita, sasa wawili, na wajukuu tisa nyumbani. Kila baada ya muda nilimwuliza, "Umeshika, shangazi?" naye akajibu, "Nimeshika." Mara moja alichelewa kujibu, nikamwita mara mbili.

"Nilikuwa namaliza Salamu Maria," alisema. "Usinikatishe."

Walipokaribia Mwanza vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi, hakuvisikia tena. Rubani msaidizi alipiga magoti akafunika mikono yake kwa mikono yake mwenyewe. Kisha rubani akasema anashuka, na redio yetu ikawa mlio mtupu.

Tulisubiri dakika kumi na saba. Mzee Mustapha alitoka nje akatapika nyuma ya banda. Nilipochungulia dirishani nilimwona Paskazia bado yuko kwenye benchi, anakunywa maji yake taratibu.

Sauti ya Mwanza ilikuja. Wametua. Abiria wameteremka wote. Askari mmoja aliingiza waya mzito kati ya vidole vya Kokubanza, akalifunga bomu upya, kisha ikabidi wawili wamkunjue mikono, kidole kimoja kimoja. Furushi zima limelipuliwa kwenye shimo la mchanga, kigoda, kibuyu na kanzu. Mama mzima. Anaomba chai.

Nilikaa chini sakafuni nikalia, na hakuna aliyenizuia.

Kisha ilibaki taarifa. Mzee Mustapha alimwita Paskazia ofisini, akachukua kalamu. Yeye hakujua Kihaya, na mama huyu kwa msiba wake hakutaka kusema lugha nyingine, kwa hiyo nilikaa katikati nitafsiri. Nilimweleza kwanza kilichotokea. Alishika kifua, akauliza kama wifi yake ameumia, akamshukuru Mungu. Alisikitikia kigoda.

"Mwulize," alisema Mustapha, "miaka saba bomu limekaa nyumbani hivyo, limefungwa kamba?"

Nilimwuliza.

"Hapana," alisema Paskazia. "Miaka yote hiyo pete ilikuwa mahali pake. Lilikaa juu ya kabati. Pete aliitoa mwenyewe, Jumapili. Yeye alifariki Alhamisi."

Nilidhani nimesikia vibaya. "Aliitoa akiwa mgonjwa? Kwa nini?"

"Alikuwa anamwandalia mrithi. Mikono ilikuwa inamtetemeka, hawezi kufunga. Ikabidi nimshikie. Akasema, mama, bana hapa na hapa, usiachie mpaka nimalize. Nikabana. Akazungusha kamba mara nyingi, akanipa pete, akasema itakufaa kwa ufunguo."

"Anasema nini?" Mustapha aliuliza.

Nilimwinulia mkono asubiri. "Alisema kitu kingine, mama? Juu ya mrithi?"

"Alisema Ildefons alifungue peke yake. Chumbani, mlango ukiwa umefungwa."

Furushi la mrithi hufunguliwa mchana, mbele ya ukoo. Hakuna mtu wa kwetu asiyejua hilo, na Pastory Byabato alilijua kuliko mimi.

Paskazia aliendelea, kwa upole, kama anayesimulia mambo mazuri ya marehemu. Mfanyabiashara mmoja wa samaki wa visiwani alitoka Dar mwezi wa Juni, akaja kumwamkia mgonjwa. Akasema amekutana na Ildefons, na Ildefons amewaambia watu wote kazini kwake kwamba baba yake alikufa vitani, zamani, mwaka wa sabini na tisa. Aliona haya kusema baba ana Juliana. Pastory alisikiliza mpaka mwisho. Siku kadhaa hakula.

"Halafu Jumapili ile akasema, 'Kama nilifia vitani, basi apate cha vitani.' Akacheka. Hakuwa amecheka tangu Pasaka." Paskazia alitabasamu. "Nami nikafurahi sana, nikajua amemsamehe mtoto."

Nje gari la Muleba lilipiga honi.

"Immakulata," alisema Mustapha, "kalamu inanisubiri. Amesemaje?"

Ningeweza kumwambia kwamba mama hajui lolote. Ingekuwa kweli, kwa namna fulani, na ingekuwa huruma. Lakini ni huruma hiyohiyo iliyochora chaki asubuhi. Na huko Kurasini kulikuwa na kijana ambaye angeweza kutumiwa kitu kingine ambacho hakuna mtu amekifungua.

"Mama, kuna kingine alichomwandalia?"

"Hakuna. Hicho tu."

Nikamgeukia bosi nikamtafsiria, neno kwa neno. Pete, Jumapili, kamba, mlango uliofungwa. Nilikuwa nimesahau kwamba Paskazia alihudhuria kisomo cha watu wazima na Kiswahili anakisikia. Nilipofika kwenye kicheko aliinua uso. Alinitazama mimi, akamtazama Mustapha aliyeacha kuandika, akanitazama tena, na niliona jambo lile likimfikia, polepole, kama maji yanayopanda kwenye nguo.

"Kwani," aliniuliza kwa Kihaya, karibu kwa kunong'ona, "angefungua chumbani, ingekuwaje?"

Nikamwambia.

Alifungua mikono yake miwili juu ya magoti, akaitazama. Honi ililia tena, kisha gari likaondoka bila yeye.

"Andika," Paskazia alimwambia Mzee Mustapha, safari hii kwa Kiswahili. "Mimi ndiye niliyemshikia."

Mustapha alikuwa ameishika kalamu, lakini hakuandika.